Ini la Ansu Badjie

Nyumbani kwa Ansu Badjie, kule Foni, karanga zilichambuliwa kila baada ya mavuno. Nzuri zilikwenda sokoni. Zilizosinyaa na zenye ukungu zilibaki nyumbani. Nyima, mke wa Ansu, alizitwanga akapika domoda, ule mchuzi mzito wa karanga. Pilipili ilificha uchungu. Watu walikula wakalamba vidole.

Lakini mwaka ule Nyima hakuwa na raha. Alikuwa mjamzito, na Kebba, kaka wa mumewe, alikuwa amezikwa kabla ya mvua. Tumbo la Kebba lilivimba, macho yakawa ya manjano. Hospitali walisema ni saratani ya ini. Majirani walisema ni laana ya ukoo. Ansu aliwasikiliza majirani. Nyima aliogopa kwamba mumewe angemfuata kaka yake.

Siku moja muuguzi Latir Joof alipita na baiskeli yake. Latir ni Mserer, na Waserer na Wajola ni watani.

"Wee Mjola, mtumwa wangu!" aliita. "Mbona hukuniwekea chakula?"

"Mtumwa ni wewe!" Ansu alijibu. "Chakula kipo, ila nyie Waserer hamshibi."

Latir alicheka, akakaa. Kisha akaliona sinia la karanga. Utani ukamwisha.

"Hizi anakula nani?"

"Sisi," alisema Nyima. "Nzuri tunauza."

"Dada, ukungu huu una sumu. Inaitwa sumukuvu. Ukiosha haitoki, ukipika haiishi. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini B akiila miaka nenda miaka rudi, ini lake limo hatarini kabisa."

"Acha hizo!" Ansu alisema. "Karanga itamuuaje mtu? Kaka yangu alikuwa na nguvu za ng'ombe dume."

Latir hakubishana. "Siku ya kulima pamoja, mpiga ngoma anashika jembe?"

"Hashiki."

"Basi ni mvivu?"

"Mvivu wapi! Bila yeye nani atajua lini kuanza na lini kupumzika?"

"Haya. Ini limejengwa kwa seli, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Seli hupashana habari: ongezeka, tulia, simama. Ndani yake kuna vitu vidogo sana viitwavyo RNA. Baadhi hubeba maelekezo ya kujenga mwili. Nyingine hazijengi kitu. Kazi yao ni ya mpiga ngoma, kuongoza tu. Virusi na sumukuvu huivuruga ngoma hiyo. Seli haisikii tena 'simama', inaongezeka ovyo. Hiyo ndiyo saratani. Wataalamu bado wanazichunguza RNA hizo, wakitumaini siku moja zitasaidia kuugundua ugonjwa mapema. Lakini virusi tunavipima leo."

"Kwa hiyo si laana?"

Wote waligeuka. Mama yake Ansu alikuwa amesimama mlangoni.

"Si laana, mama. Wala si aibu. Wengi huvipata virusi hivyo utotoni bila kujua."

"Mimi siumwi," Ansu alisema. "Sipimwi."

"Kebba naye hakuwa anaumwa, mpaka alipoumwa," mama alisema. "Mficha uchi hazai. Vaa viatu, mwanangu."

Ansu akavaa viatu.

Kwenye kituo cha afya walipimwa wote wawili. Nyima hakukutwa na virusi, akachanjwa. Ansu alikuwa navyo. Nyima aliposikia, alimshika mumewe mkono. Lakini ini la mumewe lilipochunguzwa, halikuwa na uvimbe. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku, na akaambiwa arudi kupimwa kila baada ya miezi sita.

Karanga zenye ukungu zilifukiwa. Hata kuku hawakupewa. Mavuno mapya yalianikwa juu ya turubai mpaka yakakauka kabisa. Nyima alimshukuru Mungu, akamshukuru Latir, na zaidi ya wote akamshukuru mama mkwe wake. Kama si yeye, Ansu angekuwa bado anabisha.

Mtoto alizaliwa salama kwenye kituo cha afya, mtoto wa kiume. Siku hiyohiyo Latir alimchoma chanjo ya homa ya ini B. Mtoto alilia kwa sauti kubwa. Nyima akanyoosha mikono amchukue, lakini bibi wa mtoto hakumwachia. Alimkumbatia mjukuu wake huku machozi yakimtiririka.

"Lia, baba, lia tu," alisema. "Baba yako mkubwa hakuipata sindano hii."