Tundu Nyuma ya Friji

"Kobe, uko wapi?" redio ilikoroma sikioni.

"Chumba cha mikutano. Nimepiga magoti."

"Saa kumi Mkuu anataja hapo njia atakayopitishwa shahidi. Wauza silaha wakisikia, yule mama hafiki mahakamani mzima."

"Najua."

Magoti yalimuuma. Watu hudhani ujasusi ni suti na bastola. Glock ilikuwepo, ndiyo, chini ya ovaroli ya fundi mitandao, ikimchoma ubavuni. Lakini kazi yenyewe ilikuwa kutambaa chini ya meza kama mtoto anayetafuta gololi. Alikuwa amechoka, na hakuona haya kuchoka.

Akachomeka Fluke, kipimio cha nyaya, kwenye tundu la kwanza ukutani. Kioo kikaandika: mtandao.

La pili, mtandao.

La tatu lilikuwa limekufa.

La nne lilijificha nyuma ya friji, na waya mwembamba umechomekwa. Juu yake lebo mpya, imekatwa ikanyooka: SIMU.

Simu za mezani ziling'olewa jengo zima mwaka jana.

Akauchomoa waya, akapima. Mtandao. Tena wenye umeme, wa kulisha kidude. Akaufuata waya kwa vidole hadi kwenye kinasa sauti mgongoni mwa friji. Akaurudisha kama ulivyokuwa.

Nje koridoni akamnong'oneza Mkuu: "Taja njia ya uongo."

Saa kumi Mkuu akataja barabara ya viwandani, kwa sauti ya kutosha. Wauza silaha wakaenda huko na Land Cruiser mbili. Polisi walikuwa wanawasubiri.

Mama akapita kwingine.

Kobe akashuka karakana. Mzee Nadhifu, fundi wa nyaya aliyemfundisha kazi, alikuwa anakunja waya.

"Umenijuaje, mdogo wangu?"

"Lebo, kaka. Nani mwingine anaibandika hata kwenye wizi wa siri?"

Mzee akacheka, kisha kicheko kikamfia.

"Siwezi kuacha tundu bila jina. Unanijua."

"Nakujua."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakusema kinauma kiasi gani. Kobe akamfunga pingu, bila kuzikaza.

"Yule mama amefika?"

"Amefika."

"Afadhali."

"Hilo neno si lako kulisema, kaka."

Akamkabidhi kwa askari mlangoni, akavua ovaroli, akaenda zake bila kugeuka.