Mbuzi Aliyechinjwa Mapema

Nyawira alimaliza masomo ya udaktari hapa nchini mwaka juzi. Tangu hapo anachuma kahawa na mama yake, Wachuka, hapa kwetu Gakindu, Nyeri. Anangoja nafasi ya mafunzo ya mwaka mmoja hospitalini. Bila mafunzo hayo hapati leseni. Bila leseni hawezi kumtibu mtu. Kungoja kumemchosha. Akiitwa "daktari" kanisani, anainamisha kichwa.

Siku moja baba yake, Hezekiah, alisikia redioni kwamba mswada umefika Bungeni. Waliosomea udaktari hapa nchini watapewa nafasi kwanza. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemzuia? Jumamosi alichinja mbuzi, akatuita majirani tumshukuru Mungu. Tuliimba, tukala. Mimi niliongezwa mara mbili.

Miezi miwili ikapita. Nafasi hakuna.

Hezekiah alimwendea Benter, muuguzi wa zahanati yetu.

"Sista, ati sheria ilipita, na mtoto bado ako kwa kahawa?"

"Mzee, hiyo bado ni mswada," Benter akasema. "Mswada ni pendekezo. Bunge lazima ijadili, ipige kura, halafu Rais aweke sahihi. Ndio inakuwa sheria."

"Kumbe nililisha watu mbuzi ya bure!"

"Lakini sasa Bunge inataka maoni ya wananchi. Mko na wiki moja. Andikeni."

"Nyawira ataandika, sisi tuweke sahihi."

"Hapana, mzee. Kila mtu aandike yenye ameona."

Nyumbani, Nyawira alishika kalamu. "Mum, niambie, nikuandikie."

"Na hiyo shule ya watu wazima, ngumbaru, nimesoma miaka mbili ya nini?" Wachuka akamnyang'anya kalamu.

Aliandika asubuhi nzima: "Mimi ni Wachuka. Zahanati yetu haina daktari. Daktari yuko kwangu, anachuma kahawa. Mpeni nafasi."

Nyawira aliandika yake. Aliomba pia waliosoma nje ya nchi waambiwe watangoja hadi lini, kwa sababu alijua uchungu wa kungoja. Benter akazipiga picha barua zote, akazituma kwa simu.

Juzi jibu lilikuja. Maoni yamepokelewa, na mwezi ujao watu wa Nyeri watasikilizwa. Wachuka alijisomea, kidole kikifuata kila neno. Alipokwama, hakutaka kusaidiwa.

"Mum, tutaenda pamoja," Nyawira akasema. Alikuwa anacheka. Sikumbuki alicheka lini mara ya mwisho.

Hezekiah akamtupia jicho mbuzi aliyebaki zizini.

"Wewe," Wachuka akasema, kidole bado kwenye barua. "Hiyo mbuzi iache mpaka Rais aweke sahihi."