Mgeni Aliyefika Mzimuni Mikono Mitupu

Nyumbani kwa Nei Tebwiria hapakuwa na mvutaji. Mumewe, Ten Biribo, alikuwa shemasi, na moshi wa tumbaku ulimpandisha hasira kuliko tusi. Kwa hiyo mchana ule aliposikia harufu ya tumbaku ya kusokota kwenye mkeka wa mwanawe Teretia, Nei Tebwiria aliuinua, akaukung'uta, akauanika juani. Jioni harufu ilikuwa imehamia kwenye nywele za mtoto.

Teretia ndiye aliyebaki. Waliomtangulia wote wamelala nyuma ya nyumba chini ya mawe meupe, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutambaa. Mama yake alizinusa zile nywele, akageuka kumtazama mgeni.

Mgeni aliitwa Radim, Mcheki, kijana mrefu aliyekuja na meli ya mbata, peke yake, begi mgongoni, hana mwenyeji wala wa kumtembeza, anamtabasamia kila mtu mpaka nguruwe. Huko bandarini walimfundisha vizuri: ukishuka kisiwani Nanoraoi, kabla hujala wala hujaoga, peleka tumbaku mzimuni, mpe Mwenye Kisiwa, upakwe mchanga shavuni. Akanunua fungu zima. Nasi tukammalizia njiani.

Ndiyo, sisi! Kwetu mtu akikuomba kitu kwa mdomo wake, humnyimi. Kunyima ni kuvua nguo mbele za watu. Radim naye alikuwa amelisikia hilo, maskini, basi kila aliyenyoosha mkono alimpa. "Mgeni, nakuomba kipande." Shika. "Na mimi kaka, usinisahau." Shika. Tukacheka, tukamsifu, tukatia mifukoni. Alipofika mzimuni, kwenye duara la mawe, alikuwa na karatasi tupu. Ten Biribo, aliyejitolea kumwongoza, akaona haya kwa niaba yake.

"Twende tukale kwanza," akasema. "Utalala kwetu, tutarudi kesho."

Kesho ikawa mvua, kesho kutwa ikawa ibada, halafu watu tukasahau. Tulikuwa tumeshavuta.

Radim hakujua neno la lugha yetu zaidi ya salamu. Lakini mchana mmoja, Ten Biribo akiwa juu ya mnazi anagema tembo na kuimba, Nei Tebwiria akiwa anakuna nazi, sauti ilimwita kutoka kwenye uchaga alikolala mgeni.

"Nei Tebwiria, nakuomba mkeka wa mwanao."

Ilikuwa lugha yetu, safi, ile ya kizamani waliyoondoka nayo waliokufa. Macho ya Radim yalikuwa wazi na meupe, midomo imefungwa. Mkono tu ndio ulionyooshwa, kiganja juu. Mama wa watu angefanyaje? Akampa. Baadaye Radim alizinduka, akauliza kwa ishara mkeka ule ni wa nani.

Siku iliyofuata ile sauti iliomba nywele. Nei Tebwiria alikata kishungi cha mwanawe, akakiweka kiganjani.

"Kesho," ikasema, "kivuli cha nyumba kikigusa kisima, nitaomba kilichobaki."

Alikimbia mpaka kwa Nei Kamoia, mlinzi wa mzimuni. Alimkuta ameketi nje anavuta.

"Hiyo tumbaku umeitoa wapi?"

"Kwa mgeni wako. Alipita, nikamwomba."

"Wewe! Wewe mlinzi!"

"Usinipigie kelele. Kwani wewe hukuomba?"

Nei Tebwiria akainamisha kichwa. "Nilimwomba kipande cha kumpelekea baba yangu," akanong'ona.

"Haya basi. Sote tumekula cha Mwenye Kisiwa, sasa naye anakuja kula chetu."

"Nimnyime?"

"Ukimnyima atachukua, na aibu utabaki nayo. Muwahi, mwanangu. Mwombe wewe kwanza. Yule ni mtu wa hapahapa, naye hajui kunyima. Ila usimwambie aondoke tu. Atakuuliza aende wapi."

"Nimwambie aende wapi?"

Nei Kamoia alipuliza moshi, akatazama pembeni. Jibu walilijua wote wawili.

Kesho yake Nei Tebwiria alimkalisha Teretia mapajani, akamfunga kiunoni kwa kitambaa, akakitazama kivuli kikitambaa mchangani kuelekea kisimani, na kadiri kilivyosogea ndivyo harufu ya tumbaku ilivyozidi, ikamjaa puani na kooni, kuku wakanyamaza, wimbo wa mumewe ukakatika juu ya mnazi, na Radim akainuka kwenye uchaga polepole bila kukunja magoti, macho meupe, mkono mbele, akaja mpaka vidole vyake baridi vikagusa kisogo cha mtoto, na kabla sauti haijatoka Nei Tebwiria akapiga kelele:

"Nakuomba! Niachie mwanangu! Kaa na huyuhuyu mgeni, na akienda nenda naye!"

"Chukua," ikasema ile sauti, kwa uchungu wa mtu aliyeombwa asichotaka kutoa.

Harufu ikakatika hapohapo. Radim alipiga chafya, akaomba maji kwa ishara. Nei Tebwiria alimpa huku analia, na yule kijana, akidhani analiliwa yeye kwa kuwa meli ilikuwa karibu kuja, akamshika bega, akambembeleza.

Siku ya meli tulishuka wote pwani. Radim alikuwa amekonda, lakini tabasamu lake lilikuwa lilelile. Alikuwa amejifunza sentensi moja ya lugha yetu, akaitamka kwa ulimi wake mzito: "Wewe mama yangu." Nei Tebwiria alimvisha shada la maua. Alitamani aondoke upesi, akajichukia kwa kutamani.

Kwenye mashua ya kumpeleka melini alikaa karibu na Nei Taina, binti wa jirani zetu, aliyekuwa akimpeleka kichanga chake hospitali ya kisiwa kikubwa. Walipokaribia mwamba tulimwona Radim akinyoosha mkono, kiganja juu.

"Tazameni!" mtu akacheka. "Mgeni keshajua kuomba!"

Nei Taina alisita. Aliwatazama watu waliomzunguka mle mashuani, akafungua kitambaa kifuani, akamtoa mtoto, akampa.

Sauti ya Nei Tebwiria ingefika pale mashuani. Lakini kupiga kelele kulitaka maelezo, na maelezo yalianzia kwake. Alimbana Teretia mpaka mtoto akalalamika, kisha akainua mkono ule mwingine, akapunga pamoja nasi.