Sauti Ukutani

Gertrude alikuwa fundi wa nguo kule Fizi. Sasa anaishi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na mume wake, Evariste, na binti yao, Merveille. Mwezi uliopita alipata kibali cha kwenda Lilongwe kufanya kazi ya majaribio katika karakana ya nguo, mtaa wa Old Town. Akifaulu, ataajiriwa.

Mwenye karakana hukaa ghorofani. Maagizo yake hutoka kwenye spika ndogo ukutani, yenye maikrofoni ya kujibia, kwa Kiingereza.

Siku ya kwanza spika ilikwaruza. Cherehani zote zikanyamaza.

"New tailor," yaani fundi mpya. "Take up the hem."

Gertrude alitazama ukuta. Neno "take" alilijua. Walilikariri katika darasa la Kiingereza la kanisani, kwa kuimba: take, kuchukua. Lakini achukue nini? Tena bibi yake alimwonya tangu utotoni: sauti isiyo na mtu haijibiwi. Ukiijibu, inakufuata nyumbani.

"Take up the hem," sauti ikarudia vilevile, bila hasira. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Ni nani?" Gertrude alimnong'oneza Nicole, fundi wa pembeni.

"Sijamuona hata siku moja," Nicole akajibu. "Na mi nashona mashuka, najua maneno ya mashuka tu."

Wiki nzima sauti iliita. Wiki nzima Gertrude alinyamaza.

Jumamosi, aliporudi Dzaleka, alimweleza jirani yao Niyongabo, Mrundi anayefundisha Kiingereza.

"Mwalimu, ile sauti haina mtu. Hata nikilala naisikia."

Evariste akacheka. "Mke wangu ameolewa na ukuta!"

"Cheka tu. Kazi ikipotea, utakula nsima na huo ukuta."

Niyongabo hakucheka. "Mama Merveille, neno hilo umelikariri peke yake, na halitembei peke yake. Kazi yake inategemea limeshikana na nani. Nipe sketi kuukuu."

Akaishika sketi. "Take up the hem: pandisha upindo. Take in the waist: punguza kiuno. Take measurements: pima. Sema maneno yote pamoja, mkono ukiwa unafanya."

"Na sauti, niijibu?"

"Ijibu kwa maneno yake yaleyale. Mtu wa juu haoni mikono yako. Kimya chako hakimwambii kitu."

Jumapili, baada ya ibada, Gertrude alishona sketi ile, akaifumua, akaishona tena, huku akisema maneno yale.

Jumatatu spika ikakwaruza. "New tailor. Take in the waist."

"Yes, sir," aliujibu ukuta. "Take in the waist." Akapunguza kiuno cha gauni lililokuwa mbele yake.

Kisha ngazi zikalia, hatua moja baada ya nyingine. Mzee mwembamba akatokea mlangoni. Alimtazama Gertrude, akasema kitu kwa Chichewa. Nicole akatafsiri:

"Anasema, wiki nzima ameita na hakuna aliyejibu. Alidhani hapa hakuna mtu. Leo njo siku cherehani yako ingeondolewa."

Mzee alikagua gauni, akatikisa kichwa kukubali. Gertrude aliajiriwa siku hiyohiyo.

Sasa hajifunzi neno la Kiingereza likiwa peke yake. Hulijifunza pamoja na maneno yanayoshikana nalo, mkono ukifanya kazi. Spika bado inamtisha kidogo. Anaijibu.