Brashi Mkono wa Kushoto

— Uko wapi?

— Kazini, mpenzi. Nachora bango la duka la viatu, hapa karibu na stendi. Kwani vipi?

— Leo hamna kazi ng'ambo ya bonde?

Akajibu kama mtu anayetafuta pa kukanyaga.

— Ng'ambo? Aah... hapana. Yaani, siyo mimi.

— Sawa.

Fundi saa akakata simu. Dakika tatu tu zilizopita alikuwa amemwona kwa jicho lake, kwenye darubini ya dirishani kwake. Wazi, karibu kama wa kuguswa. Ng'ambo ya bonde, juu ya ngazi, mwanamume wa ovaroli ya bluu alikuwa akipaka ukuta chokaa, mgongo kwake, kofia hadi masikioni. Mwanamke wa gauni la njano alimshikia ndoo, akamfuta jasho shingoni, kisha wakaingia wote nyuma ya ukuta wakicheka.

Sasa, mchumba wake, huyo mchora mabango, ana mdogo wake. Wanafanya kazi pamoja, ovaroli sare, kimo kimoja. Mama yao mwenyewe akiwaona kwa nyuma huwaita wote wawili ili asikosee. Kinachowatenganisha ni kimoja: mkubwa ni wa shoto. Na brashi ile ilikuwa mkono wa kushoto.

Darubini yenyewe alinunuliwa na huyo huyo mchumba. "Wewe unayependa kuchungulia mambo," alimwambia siku ya uchumba, "chungulia na hili." Kwenye boksi pameandikwa: YA WANAOANZA, ARDHINI NA ANGANI. Ndani mlikuwa na viwiko viwili, vipande vya kutazamia vilivyopinda, vya kuchomeka nyuma, kimoja kina picha ya mwezi, kingine picha ya mti, pamoja na karatasi ya maelezo. Fundi saa hakuisoma. Mtu aliyefungua saa elfu na kuzirudisha, asomeshwe na karatasi? Alichomeka kiwiko cha mwezi, jioni ile akauona mwezi una mabonde, akapiga kelele kama mtoto. Tangu hapo kiwiko hakikutoka.

Jioni alituma ujumbe: "Jumamosi hakuna harusi. Usiniulize."

Simu ikaita mara kumi na moja. Ujumbe ukafuata ujumbe: "Nimekosa nini?" "Fundi wangu, niambie tu." "Nipo tayari kuomba msamaha, lakini wa nini?"

Shangazi yake, aliyemlea na anayeishi naye, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

— Umemuuliza?

— Nimuulize nini, shangazi? Nimeona!

— Umeona kwa bomba. Kuuliza si ujinga, mwanangu.

— Alibabaika kwenye simu.

— Hata mimi ukiniuliza kwa sauti hiyo nitababaika.

Alhamisi alishinda amejifungia. Ijumaa asubuhi, badala ya kushika saa za wateja, akarudi dirishani. Moyo ulimuuma, lakini udadisi ulimuuma zaidi. Huyo mwanamke ni nani? Ukutani hapakuwa na mtu. Akazungusha darubini taratibu, ikaangukia saa kubwa ya posta, ile isiyo na namba, vistari tu.

Saa ya posta ilionyesha saa nane.

Akatazama ya mkononi. Saa nne kamili, na saa yake haijawahi kumdanganya. Akarudi kwenye darubini, akaukodolea macho mshale wa sekunde. Mshale ulikuwa unarudi nyuma.

— Shangazi! Njoo! Saa ya posta inakwenda kinyumenyume!

— Haiwezekani.

— Ndiyo nakwambia! Miaka tisa nafungua saa. Kuna inayokimbia, kuna inayochelewa, kuna iliyokufa. Inayorudi nyuma sijaiona!

Shangazi akatazama dirishani kwa macho yake ya kawaida, akakunja uso.

— Mbona naiona saa nne?

Fundi saa akainua mkono wake wa kulia, akautazama. Halafu akaenda kuivuta ile karatasi ya maelezo chini ya mguu wa meza, alikoikunja meza isitikisike.

"Kiwiko cha mwezi hugeuza kulia kuwa kushoto. Kwa kutazama ardhini, tumia kiwiko cha mti."

— Mama yangu, akasema. Kumbe brashi ilikuwa mkono wa kulia. Nilimwona shemeji.

Akapiga simu.

— Nimekosa. Mimi ndiye niliyekosa.

Akamweleza yote, mpaka mguu wa meza. Mchumba akamsikiliza mpaka mwisho.

— Yule dada ni mchumba wa mdogo wangu, mchora mabango akasema. Mdogo wangu aliniomba nisimtaje kwa mtu mpaka harusi yetu ipite, habari yao isije ikafunika yetu. Ndiyo maana nilibabaika.

— Nisamehe.

— Nilikununulia uone mwezi. Siku mbili nakuuliza kosa langu, hukunipa hata neno moja. Umeliamini bomba kuliko mimi. Hilo linauma, Fundi.

— Najua.

— Niache nifikiri.

Simu ikakatika. Fundi saa akalia, bila kujitetea. Gauni la harusi lilikuwa linaning'inia mlangoni, na kesho ndiyo Jumamosi.

Alasiri ujumbe ukaingia: "Tazama ng'ambo. Usibadilishe kiwiko."

Kabla hajafika dirishani, simu ikaita. Ni shemeji.

— Shemeji, fanya haraka! Watu wamejaa huku, wanasema kaka kachanganyikiwa. Kaandika bango zima kinyume!

Fundi saa alikuwa amesahau kwamba mchumba wake huandika milango ya vioo kwa ndani, herufi zikiwa zimegeuka, ili wapita njia wasome vizuri. Mkono wa shoto umeizoea kazi hiyo. Akaweka jicho. Wale wa barabarani hawakuambulia kitu, lakini kwake herufi nyekundu zilisimama zimenyooka kabisa:

KUULIZA SI UJINGA. NIULIZE.

Chini ya bango amesimama mchumba wake, simu mkononi, anasubiri. Fundi saa akapiga.

— Naomba kuuliza.

— Uliza.

— Kesho bado unakuja?

— Nakuja. Saa nne.

— Ya posta au ya kwenye darubini?

Akamwona anacheka kabla hajasikia kicheko chenyewe.