Dirisha la Gunda

Jioni ya tarehe thelathini Oktoba, Veit Hümmer alikuwa akirudi kutoka dukani na taa mbili nyekundu za kaburini. Siku ya Watakatifu Wote ilikuwa keshokutwa, na mji mzima wa Bamberg, Ujerumani, ulikuwa ukinunua taa za kuwawashia wafu. Moja ingemtosha. Lakini mwuzaji alisema za mwaka huu zinazimika upesi, na Veit, aliyefanya kazi ya kupima ardhi kwa miaka thelathini na minane, hakupenda kubahatisha.

Mlangoni pake alimkuta msichana amesimama kwenye manyunyu, mgongoni ana shanta lililompita kimo.

"Wewe ndiye Bwana Hümmer? Naitwa Wiebke. Natoka Husum, huko kaskazini. Nimeambiwa una chumba cha wageni."

"Hakuna chumba. Nilishakifunga."

"Mama aliyenielekeza alisema utajibu hivyohivyo." Msichana alicheka. "Alisema utanung'unika kidogo, kisha utatafuta funguo katika mfuko ambao hazimo."

Mkono wa Veit ulikuwa tayari katika mfuko wa kushoto. Funguo zilikuwa kulia.

"Mama gani huyo?"

"Yule wa darajani. Mwenye koti la kijani."

Veit alifikiri ni kazi ya Bi Zenk, jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwa miezi alikuwa akimsihi aweke mtu nyumbani. Alifungua mlango. Msichana akaingia, na harufu ya koti lake la mvua, harufu ya mpira na bahari, ikapanda naye ngazi.

Wageni walikuwa wa Gunda, mkewe. Kila kiangazi walikuja vijana wenye mashanta, na Gunda aliwakalisha jikoni, akawapikia, akawatembeza mji mzima. Veit aliwasikia kupitia ukutani wakicheka. Wageni walipewa kicheko. Yeye alipewa uchovu uliobaki usiku. Hakuwahi kulisema hilo. Alilimeza miaka yote.

"Kuna sharti moja tu," alimwambia Wiebke kwenye chumba cha nyuma. "Dirisha hili halifunguliwi."

"Hata asubuhi? Hewa iingie kidogo tu?"

"Hata kidogo."

Msichana alitazama fremu, akaziona skrubu mbili ndefu.

Gunda alifia humo, Agosti ya mwaka uliopita. Mtu akikata roho, watu wa huko hufungua dirisha ili roho ishike njia yake. Bi Zenk alikuwa tayari ameshika komeo Veit alipomkamata mkono. Veit alikuwa msomi. Mambo hayo hakuyaamini. Hata hivyo kesho yake alichukua bisibisi, akalikaza dirisha.

Kisha akangoja. Miezi kumi na minne. Hakusikia hatua wala pumzi. Hakusikia chochote.

*

Jioni ya pili Wiebke alirudi mashavu yamewiva kwa baridi, ananuka bia ya mji huo, ile yenye ladha ya moshi.

"Kanisa kuu umeliona?" Veit aliuliza, kwa adabu tu.

"Hata sikufika! Yule mama nilimkuta tena darajani. Amenipeleka kwenye mashamba yenu ya vitunguu, humohumo katikati ya mji. Ameniambia zamani watu walifunga vibao miguuni, wakayakanyaga majani ya vitunguu yalale, ili nguvu ishuke chini. Babu yake alifanya hivyo. Ndiyo maana na yeye anatembea hivi…"

Wiebke alitembea jikoni akinyanyua miguu juu, akiishusha bapa. Tap. Tap.

Veit aliweka kikombe chini.

"Na wewe kakusema sana, Bwana Hümmer! Eti siku ya harusi yenu ulipima keki kwa rula kabla ya kuikata."

Hiyo haikuwa siri ya kusimuliwa na Bi Zenk. Keki ile waliikata wawili tu, jikoni, wageni wakiwa nje.

"Alicheka?" Veit aliuliza polepole. "Alipokuwa anasimulia, alicheka?"

"Sana! Mpaka akakohoa."

Msichana alipokwenda kuoga, Veit alifungua kabati la chumbani kwake. Koti la kijani la Gunda lilining'inia mahali pake. Aligusa mabega.

Yalikuwa yamelowa.

Angepaswa kuogopa. Alijichunguza kama alivyokuwa akichunguza mipaka ya viwanja, kwa makini, na hofu hakuiona. Aliona kitu kingine, cha zamani, alichokijua kwa jina. Miezi kumi na minne yeye anangoja, halafu huyu, wa siku moja, ndiye anatembezwa mashambani?

*

Siku ya Watakatifu Wote alikwenda makaburini mapema. Bi Zenk alikuwa pale, anafagia majani kwenye kaburi la mumewe.

"Una mgeni," Bi Zenk alisema. "Afadhali. Nyumba yako inanuka upweke mpaka kwangu."

"Si wewe uliyemleta?"

"Mimi? Kwa goti hili? Sijafika darajani tangu Pasaka." Akaegemea ufagio. "Veit. Lile dirisha."

"Usianze."

"Ulimfanyia nini yule mwanamke? Mkeo unamkaza kama rafu?"

Aliziwasha taa zote mbili juu ya kaburi la Gunda.

Jioni hiyo, giza lilipoingia, alimwambia Wiebke amwachie chumba cha nyuma usiku huo. Alisema kochi la sebuleni lina joto zaidi. Msichana alikubali. Saa mbili Veit alikuwa kitandani chumba cha nyuma, kwenye godoro lilelile, mikono juu ya blanketi. Amenyoa ndevu. Amevaa shati safi.

Nje mji ulikuwa kimya. Ndani, saa ya ukutani tu…

Kisha harufu. Udongo mbichi. Majani ya vitunguu yaliyopondwa.

Tap.

Kwenye ngazi.

Tap… tap… Bapa, zito, kama kibao juu ya udongo. Hatua zilipanda. Zikafika ukumbini. Zikaja mpaka mlangoni kwake.

Zikasimama.

"Gunda," Veit alinong'ona. "Niko hapa."

Tap. Tap.

Zikapita.

Zilikwenda sebuleni. Na kutoka sebuleni, kupitia ukutani, alisikia kicheko kilichoishia kikohozi. Kilekile. Ukuta uleule.

Aliinuka miguu mitupu. Alipofungua mlango wa sebule, Wiebke alikuwa amekaa peke yake kwenye kochi, blanketi mabegani. Mto wa pembeni yake ulikuwa umebonyea, na ulikuwa ukiinuka taratibu, kama mtu ndiyo kwanza ameondoka.

"Anataka nini?" Veit aliuliza. Sauti yake ilimtoka nyembamba.

Msichana sasa alikuwa mweupe kama karatasi. "Kumbe ni yeye… mkeo?"

"Anataka nini!"

"Umfungulie dirisha. Basi. Anasema amechoka."

"Mwambie aje aniambie mwenyewe."

"Nimemwambia. Anasema wewe ukimwona, hutamwacha aende."

Veit alisimama. Bisibisi ilikuwa kwenye droo ya jikoni, hatua tisa kutoka pale. Alijua ni tisa. Dakika mbili zingetosha, na mkewe angepumzika, na yeye asingebaki na hata mto uliobonyea.

"Miaka thelathini nimewaachia nyie wageni mke wangu," alisema. "Dirisha halifunguliwi. Na kesho asubuhi wewe unaondoka."

Wiebke alivuta blanketi. "Nitaondoka hata bila kufukuzwa." Kisha, kwa sauti ya chini: "Ameniuliza kama mzigo wangu ni mzito. Nikasema ndiyo. Akasema basi atanisaidia kuubeba. Nikamshukuru… Nilifanya vibaya?"

Veit alirudi chumba cha nyuma, akalala macho wazi. Hakuna aliyepita tena.

*

Asubuhi, jikoni, Wiebke alikuwa amevaa na shanta limefungwa. Alikuwa amekata mkate. Veit aliutazama. Vipande vyote vilikuwa vya unene mmoja, na kipande cha mwisho, kile cha ganda anachokipenda Veit, kilikuwa kwenye sahani yake.

"Umelala?" Veit aliuliza.

"Usingizi mzuri. Wa kwanza baada ya muda mrefu."

Alilivaa shanta kwa kubabaika, kama hajawahi kulivaa. Mlangoni aligeuka, akamkung'uta Veit vumbi begani, vumbi lisilokuwepo. Akacheka. Kicheko kikaishia kikohozi.

"Haya. Kwa heri, Nusu Sentimita."

Jina hilo lilikuwa la kitandani. Mbali na Gunda, hakuna mwingine duniani aliyelijua.

Veit alipofika barabarani kwa kandambili, msichana alikuwa amefika kwenye kona, anatembea kwa raha, ananyanyua miguu juu, anaishusha bapa.

Bi Zenk alikuwa dirishani kwake, kikombe mkononi.

"Huyo si mtu wa Husum!" alimpigia kelele. "Tazama hizo hatua! Huyo ni mtoto wa mashamba yetu!"

Kona ikammeza. Veit alikimbia mpaka darajani, akatazama pande zote mbili. Palikuwa na ukungu na watu waliobeba maua.

Alirudi nyumbani saa sita. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Skrubu zilikuwa mahali pake, zote mbili, zimekaza. Kioo kilikuwa na mvuke. Mvuke wa ndani.

Ndani ya mvuke, polepole, kilijichora kiganja. Kidogo. Cha mtu mwenye vidole vyembamba.

Na harufu… Si vitunguu. Mpira na bahari.

"Bwana Hümmer?" ilinong'ona sauti ya kaskazini, karibu na sikio lake. "Mbona siwezi kutoka? Nifungulie… tafadhali. Nifungulie dirisha."

Aliileta bisibisi. Alifika nayo mpaka kwenye fremu, akaiweka kichwani mwa skrubu ya kwanza. Lakini hakuizungusha. Roho hii ikishika njia yake, mwili ule kule nje utabaki wa Gunda moja kwa moja, na Gunda hatakuwa na sababu yoyote ya kurudi hapa. Isipotoka, huenda siku moja atarudi kuirudishia mwili wake.

Kiganja kiligonga kioo. Mara moja. Mara mbili.

Veit alivuta kiti, akakaa karibu na dirisha, akaiweka bisibisi magotini.

"Nitakufungulia, binti," alisema kwa upole. "Lakini kwanza niambie. Alisema anakwenda wapi?"

Kiganja kiligonga tena.

"Na huko anakokwenda… kuna nani?"