Mafuta ya Kumchulia Bibi

Kila jioni, nikishateka maji na kuosha vyombo, nilimchua bibi magoti. Bibi Salu alikaa mlangoni juu ya ngozi ya ng'ombe, akanyoosha miguu na kuniita kwa utani wa bibi na mjukuu, "Ng'washi! Njoo, mke mwenzangu, mguu wa kulia umenuna leo." Nilimimina mafuta kiganjani, nikayasugua yapate joto, ndipo nikachua kutoka chini kwenda juu.

Huo ulikuwa mwaka 1976. Tulikuwa tumemaliza miaka miwili katika kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Sapiwi. Shule ilikuwa karibu na zahanati ilikuwa karibu zaidi. Mimi nilipapenda, lakini moyo wa bibi ulibaki kwenye mahame yetu, mji wa zamani tuliouacha, ambako babu alizikwa.

"Tangu tuhame sijamfagilia kaburi hata mara moja," alisema. "Atadhani nimemtupa."

Akishasema hivyo alitazama njia ya kule. Mwendo wa saa mbili tu, lakini kwa magoti yale ilikuwa mbali mno. Gari la ng'ombe la kijiji nalo lilikuwa likibeba pamba kutwa.

Mwanzoni mwa Julai baba akamwambia, "Mama, Jumamosi nakwenda mahameni kukata miti ya zizi. Magoti yakikubali, twende wote. Tutatembea polepole."

Bibi alicheka kama msichana. "Chua vizuri, mke mwenzangu! Tunakwenda kumwona mume wetu."

Kuhusu mafuta, bibi alikuwa mchaguzi kwelikweli. Ya mbarika aliyaona mazito, yananata. Aliyachanganya matone machache tu siku za baridi. Ya karanga ni laini, ila yakikaa yanachacha. Aliyoyapenda ni ya ufuta, mepesi, yanayouacha mkono uteleze bila kukwama. Aliyakamua mwenyewe na kuyaweka katika chupa moja ndogo.

Sasa nikiri ujinga wangu. Wiki hiyo shule ilikuwa na gwaride la Saba Saba, nami nilitaka miguu yangu ing'ae kuliko ya wote. Siku tatu nilijipaka mafuta ya bibi. Iling'aa, sikatai! Lakini Alhamisi nilipoishika chupa, haikuwa na kitu.

Nilikimbia kwa rafiki yangu Maximiliana kuomba mafuta ya karanga. Sikuthubutu kubeba chupa ya bibi, angeiulizia. Nyuma ya ghala la kijiji niliokota chupa tupu ya dawa ya kunyunyizia pamba. Nilikwangua karatasi yenye picha ya fuvu, nikaiosha chupa mara mbili kwa majivu na maji ya moto, nikainusa. Nikaona safi! Nilibebea mafuta humo, kisha nikayahamishia kwenye chupa ya bibi.

Jioni bibi alinusa. "Mbona leo yananuka karanga?"

"Ni mikono yangu, bibi. Tulikula karanga."

Akaniamini, akaendelea kuniambia atakayomweleza babu.

Ijumaa asubuhi magoti yake yalikuwa mekundu, yamevimba, yana malengelenge. Baba alimwita Januarius, mganga wa zahanati.

"Mwangaluka, mayu," Januarius alimsalimu kwa Kisukuma, akachuchumaa. "Umejipaka nini?"

"Mafuta yangu ya ufuta. Yaleyale ya miaka yote."

Januarius alikuna kichwa. "Basi huenda ni wadudu wamekutambaa. Nitakupa dawa ya kupaka."

Nilijua angetibu kitu kisichokuwapo.

"Si wadudu!" nikapaza sauti, machozi yakanitoka. Nikaeleza yote: gwaride, karanga, chupa, na uongo.

Januarius hakupoteza muda. Alimwosha bibi miguu kwa sabuni na maji mengi, tena na tena. Mafuta yale na chupa zote mbili alivifukia mbali na kisima.

"Ng'washi, chupa ya sumu haioshwi ikatakata," aliniambia. "Mafuta yanabeba sumu iliyobaki, na wewe unaisugua mpaka ndani ya ngozi. Tena, mafuta mageni jaribu kwanza tone moja kwenye ngozi ya upande wa ndani wa kiwiko. Ngoja mpaka kesho."

Jumamosi baba alikwenda peke yake. Bibi alikaa mlangoni akimtazama mpaka akapotea njiani. Hakunigombeza. Afadhali angenichapa.

Siku zilizofuata nilipepeta ufuta mpya, nikautwanga mpaka mabega yakauma, nikauchemsha na kuengua mafuta juu ya maji. Niliyarudisha motoni hadi maji yaliyobaki yakauke, kisha nikayaweka katika kibuyu kipya. Nilipaka tone kwenye kiwiko changu, halafu kwenye cha bibi. Tulisubiri hadi kesho yake. Ngozi yake ilipopona kabisa, nikaanza tena kumchua.

Agosti tulifika mahameni, tukipumzika kila mahali penye kivuli. Nyumba yetu ilikuwa imebaki kichuguu cha udongo na majani. Bibi alilitambua kaburi, akapiga magoti yake yale mabovu, akafagia kwa mikono.

"Nimekuja," alisema huku akilia. "Nilikukumbuka sana, mzee wangu."

Baba aligeuka pembeni kufuta macho. Baadaye bibi aliniita.

"Sikiliza, mke mwenzangu. Ulinichezea mafuta, ukanidanganya, nikaungua. Hayo ni mabaya. Lakini ulisema kweli pale ambapo kunyamaza kungekufichia aibu. Ungenyamaza, ningetibiwa wadudu, na leo nisingefika kwa mume wangu. Ukikosea, sema mapema, mtu atibiwe ugonjwa alio nao."

"Nimesikia, bibi. Nisamehe."

Alikaa chini, akanyoosha miguu kando ya kaburi, akanisogezea goti la kulia.

"Haya, chua," alisema. "Nataka babu yako aone mikono inayonitunza siku hizi."